Moyo wa Mwanamichezo: Kutoka Lyon hadi Copenhagen

Juni 26 mwaka 2003, katika uwanja wa Gerland mjini Lyon, Ufaransa, Cameroon ilikuwa ikipambana na Colombia katika nusu fainali ya Kombe la Mabara. Dakika ya 72, kiungo Marc-Vivien Foé alianguka katikati ya uwanja bila kuguswa na mtu. Madaktari walijitahidi kumwokoa, lakini alifariki dunia akiwa na umri wa miaka 28. Uchunguzi ulibaini kwamba misuli ya moyo wake ilikuwa imenenepa kupita kiasi, kasoro ambayo kwa kawaida hurithiwa.

Mwaka 1984, huko Vermont, Marekani, mauti yalikuwa yamemkuta Jim Fixx akikimbia barabarani. Alikuwa na miaka 52, naye ndiye aliyeandika kitabu kilichowashawishi Wamarekani wengi kuanza kukimbia. Mishipa inayoulisha moyo wake damu ilikuwa imezibwa na mafuta. Baba yake naye alikufa kwa maradhi ya moyo, akiwa na miaka 43.

Vifo hivyo viwili vinaonyesha jinsi umri unavyotenganisha sababu. Kwa wanamichezo walio chini ya miaka 35, chanzo mara nyingi ni kasoro ya kurithi. Kwa waliovuka umri huo, ni mishipa iliyoziba. Mazoezi huimarisha moyo, lakini jitihada kubwa ya ghafla yaweza kuusimamisha moyo ulio na maradhi yaliyojificha.

Italia ilitambua hatari hiyo mapema. Tangu mwaka 1982, sheria inawataka wanamichezo wa mashindano kupimwa, pamoja na kipimo cha umeme wa moyo. Katika mkoa wa Veneto, vifo vya ghafla vya wanamichezo vijana vilipungua kwa karibu asilimia 90 kufikia mwaka 2004.

Hata hivyo, vipimo havigundui kila kasoro. Fabrice Muamba, mzaliwa wa Zaire ya zamani, alianguka mjini London mwaka 2012. Moyo wake haukudunda wenyewe kwa dakika 78. Christian Eriksen alianguka mjini Copenhagen mwaka 2021. Wote wawili waliokolewa kwa kukandamizwa kifua bila kuchelewa, na kwa mashine ya kuushtua moyo.

Basi, msikilizaji, ukizimia au ukihisi maumivu ya kifua mazoezini, au ikiwa katika ukoo wenu kuna aliyekufa ghafla angali kijana, mwone daktari kabla ya kurudi uwanjani.