Dirisha Linasema 50, Lenzi Inasema 35

Wasee wa Kibra na Kawangware, leo tuongee kuhusu kamera iliyotengenezwa na machokoraa. Si utani. Mwaka wa 1927, huko Kharkiv, Ukraine, kulifunguliwa makao ya vijana waliokuwa wanalala nje baada ya vita. Waliishi hapo, wakasoma, wakafanya kazi ya karakana. Kufikia 1934 walikuwa wanaunda kamera, wakiiga Leica ya Wajerumani. Ikaitwa FED, herufi za kwanza za Felix Edmundovich Dzerzhinsky, aliyekuwa mdosi wa polisi wa siri wa Usovieti. Watoto wa mtaa wanachapa kazi, jina linaenda kwa polisi. Hiyo tutaichambua siku nyingine.

FED ni renjifainda, kama Leica. Huangalii kupitia lenzi. Unaangalia kidirisha kilicho kando yake. Ndani unaona picha mbili za kitu kimoja, hazijakaa pamoja. Unazungusha lenzi polepole mpaka zikutane, na zikikutana fokasi iko fiti.

Shida ni kwamba kidirisha hakijui umefunga lenzi gani. Cha FED kilipimwa kwa lenzi ya milimita 50. Ukifunga ya 35, bado kinakuonyesha dunia ya 50. Filamu nayo inachukua ingine.

Na hiyo 35 utaitaka tu. Kwa kichochoro cha Kawangware hakuna nafasi ya kurudi nyuma, ukuta uko mgongoni. Sasa chukulia umesimama mita 2 kutoka kwa mama mboga. Lenzi ya 50 inashika upana wa mita 1.44. Ya 35 inashika karibu mita 2.06. Hiyo ni sentimita 30 kila upande ambazo hukuziona wakati wa kubonyeza. Mtaro umeingia. Mguu wa msee anayepita umeingia. Mtoto ambaye hakuna mtu alimuuliza kama anataka picha, pia ameingia.

Leica walijaribu kumaliza hii kesi na M3 ya 1954. Ilikuwa na mistari ya fremu ndani ya kidirisha, ya 50, 90 na 135, na ukibadilisha lenzi mistari inabadilika yenyewe. Akili sana. Lakini ya 35 haikuwa na mstari wake, kwa hivyo watu walinunua kidirisha kingine cha kuweka juu ya kamera. Kama huna doo, unapiga hesabu: gawanya namba ya dirisha kwa namba ya lenzi. 50 kwa 35 ni kama 1.4, kwa hivyo picha itakuwa na upana mara 1.4 ya unachoona. 50 kwa 90 ni kama 0.55, kwa hivyo ni katikati tu itabaki, nusu na kitu kidogo. Ukikaribia mtu sana, kumbuka pia dirisha liko juu ya lenzi. Utaona kichwa chote na filamu itakikata.

Najua simu yako inakuonyesha kile lenzi inaona. Mbona basi nakusumbua? Kwa sababu Kibera imepigwa picha na watu wengi waliokuja na fremu yao tayari. Unasimama mbali kwa reli, unaweka lenzi ndefu, na mabati yote yanabanana kama yamelaliana. Umbali ndio umefanya hivyo, lakini anayeona picha Ulaya haambiwi. Miaka mingi tuliambiwa Kibera ina watu milioni. Sensa ya 2009 ikahesabu kama 170,000, na watu wamebishana nayo hadi leo. Mimi nasema picha za aina hiyo zilisaidia ile milioni kuaminika.

Mwaka huohuo wa 2009 alikuja JR, msanii wa Ufaransa. Miaka kadhaa kabla, alikuwa amepiga vijana wa mtaa wa Les Bosquets karibu na Paris kwa lenzi ya 28. Hiyo inakulazimisha umkaribie mtu karibu kumgusa, na asipokuamini hakuna picha. Hapa Kibera alifunika mapaa kwa nyuso za akina mama wa mtaa, na hakutumia karatasi. Alitumia plastiki nzito, ndiyo mvua isivuje ndani ya nyumba.

Halafu kuna ile ya reli, na hiyo ndiyo naipenda zaidi. Macho ya akina mama yalibandikwa kwenye mabehewa. Pua na midomo vikawekwa kwenye mabati, kwa mteremko chini ya reli. Treni ikipita, kwa sekunde chache nusu mbili zinakutana na uso unakuwa mzima, renjifainda yenye ukubwa wa mtaa. Treni ikishaenda, midomo inabaki hapo kwa mabati, inangoja ingine.