Rangi ya nyama ya kuku na siri ya nafaka

WANUNUZI wengi wa kuku katika mitaa ya Mombasa kama Tononoka hutazama rangi ya ngozi kabla ya kuuliza bei. Kuku wa manjano husadikiwa kuwa wa kienyeji na mtamu, ilhali mweupe hudhaniwa kuwa wa gredi. Imani hiyo ni ukweli nusu, kwani rangi hutegemea sana nafaka aliyolishwa.

Nafaka huwa zaidi ya nusu ya chakula cha kuku wa nyama. Mahindi ya njano yana rangi asilia ambazo kuku huzihifadhi katika ngozi na mafuta. Mahindi meupe, yanayolimwa zaidi nchini Kenya, hayana rangi hiyo ya kutosha, wala mtama na ngano. Majani mabichi nayo hutia umanjano. Ndiyo maana kuku anayejitafutia chakula huwa na rangi hata bila mahindi ya njano. Hata hivyo, kuku wa mbegu yenye ngozi nyeupe habadiliki sana.

Nafaka hugusa pia mafuta ya nyama. Mahindi yana takriban asilimia 4 ya mafuta na ngano asilimia 2 hivi, kwa hiyo mafuta ya kuku aliyelishwa mahindi huwa laini zaidi. Mtama mwekundu wenye tanini nyingi huzuia usagaji wa protini, na kuku huchelewa kujaza minofu. Ngano na shayiri zikizidi, kinyesi huwa cha kunata, matandiko hulowa na kuku hupata vidonda vya miguu na kifua.

Ama ugumu wa nyama, huo hutokana zaidi na umri. Kuku wa gredi huchinjwa akiwa na wiki sita hivi. Wa kienyeji huishi miezi mingi na kutembea sana.

Jambo zito zaidi ni ukungu. Katika unyevu wa Pwani, nafaka isiyokauka vyema huota kuvu watoao sumu ya aflatoksini. Mwaka 2004 sumu hiyo iliyokuwa katika mahindi iliua watu 125 nchini Kenya, hasa Makueni na Kitui.

Wapo wanaoona kuwa mahindi yaliyooza yasiyofaa kwa ugali yanafaa kwa kuku. Hilo ni kosa. Sumu hiyo huharibu ini la kuku, humdumaza, humpausha ngozi na kumfanya avilie damu kwa urahisi. Masalio yake yanaweza kubaki katika nyama, hasa maini, na moto wa jikoni hauyamalizi.

Mfugaji anashauriwa kuhifadhi nafaka ikiwa na unyevu usiozidi asilimia 13.5, juu ya mbao, mbali na ukuta. Mnunuzi naye asitosheke na umanjano. Aulize kuku alilishwa nini.