Chefchaouen, muji wa buluu katika milima ya Rif: mambo mugeni anaweza kufanya pale

Chefchaouen ni muji mudogo wa kaskazini ya Moroko, ndani ya milima ya Rif. Wenyewe wanauita kwa kifupi Chaouen. Uko karibu metre 600 juu ya bahari. Mutu wa Bukavu, mwenye amezoea metre 1 500, anaweza kucheka, lakini pale milima inasimama nyuma ya nyumba kabisa, na ncha mbili za mulima njo zilipatia muji jina: katika luga ya Kiberberi neno lile linahusu pembe, sawa pembe za mbuzi. Hesabu ya watu ya 2014 ilikuta wakaaji karibu 43 000. Gari ya moshi haifike pale, na ndege haitue pale.

Tunaueleza hapa juu vijana wetu wako wanasoma Rabat, Fès na Casablanca, wengine kwa bourse ya serikali ya Moroko, na wakati wa konje wanatafuta pa kwenda. Tena mupira umeleta watu: Kombe la Afrika la 2025 lilichezwa Moroko, Leopards wetu wakacheza na Senegal kule Tanger, kilometa karibu 110 tu na Chaouen. Na 2030 Moroko itapokea Kombe la Dunia pamoja na Hispania na Ureno. Basi foto za ngazi za buluu zinazunguka katika simu za watu.

Foto hazionyeshe saa. Basi za watalii zinafika kutoka Tanger na Fès karibu saa tano ya asubui, watu wanajaa katika vichochoro, wanapiga foto, wanakunywa chai moja, na saa kumi wanarudi. Muji unabaki na uchafu na feza kidogo. Mwenye kulala pale usiku mbili anaona muji mwingine: wa asubui mapema na wa magaribi, wenye kelele ni ya maji tu na ya punda. Kwa hiyo shauri letu la kwanza ni hili: usiende Chaouen kwa siku moja.

Muji ulianza kama ngome

Moulay Ali Ben Rachid aliujenga katika 1471 ili kuzuia Wareno, wenye walikuwa wameanza kukamata miji ya pembeni ya bahari. Kiisha Waislamu na Wayahudi wenye walifukuzwa Hispania, zaidi sana kisha Granada kuanguka katika 1492, wakakimbilia pale. Hao njo walileta nyumba zenye kiwanja ndani, vigae juu ya paa na balkoni ndogo. Wakimbizi walijenga muji, na leo wajukuu wao wanaishi kwa kuuonyesha.

Kwa miaka mingi Mukristo hakuruhusiwa kuingia. Mufaransa Charles de Foucauld alipita pale katika 1883, akiwa amevaa kama rabi wa Wayahudi ili asijulikane. Wahispania waliuchukua katika 1920, wapiganaji wa Rif wa Abd el-Krim wakawaondosha katika 1924, wakarudi 1926, na wakabaki mpaka uhuru wa 1956. Ndiyo maana mpaka leo mzee wa Chaouen anaweza kukuelewa mbio kwa Kihispania kupita kwa Kifaransa. Kifaransa chetu kinasaidia, lakini usishangae mutu akikujibu « hola ».

Na ile buluu? Kila kiongozi atakupatia hadizi yake. Mmoja atasema ni Wayahudi waliileta, mwingine kwamba inafukuza mbu, mwingine kwamba inapunguza joto. Zamani nyumba nyingi zilikuwa nyeupe, kwa chokaa tu. Kitu kinachoonekana kwa macho ni hiki: rangi haidumu. Ni chokaa na unga wa buluu, mvua inaitoa, jua inaififisha, na kila mwaka, zaidi mbele ya Ramazani, watu wanachukua tena brosi, wengi wao wanawake, na kupaka ukuta wa mulango wao. Ukipiga foto ya ukuta, jua kwamba kuna mama mwenye aliupaka. Wengine wamepanga vyungu vya maua na kiti, wanaomba dirham chache kwa foto. Watalii wananungunika, sisi tunaona ni haki yao. Na foto ya mutu, uliza kwanza. Akikataa, acha.

Asubui

Toka mbele ya saa mbili. Ingia kwa mulango unaoitwa Bab el-Ain na upande polepole katika madina, ndiyo mutaa wa zamani. Kamata hawezi kupotea: kupanda kunakupeleka kwenye mulima, kushuka kunakurudisha kwenye mulango. Utakutana na watoto wanabeba mbao yenye mikate mibichi kuipeleka ferran, tanuru ya mutaa, kwa sababu nyumba nyingi zinapika mukate pamoja. Simama pale. Mwenye tanuru hana shida na mugeni anayeangalia bila kuzuia njia.

Kula asubui si shida. Tafuta kibanda cha bissara: ni supu nzito ya maharagi mapana yaliyokauka, yenye mafuta ya zeituni na kamuni juu, na mukate. Ni chakula cha watu wa kazi, bei yake ni ndogo, na kinakushikilia mpaka saa nane. Ongeza jben, jibini nyeupe ya mbuzi, yenye watu wa Moroko yote wanajua kwamba ya Chaouen ni nzuri. Katika 2010 UNESCO iliandika namna ya kula ya inchi za Mediterania katika urizi wa dunia, na Moroko ilichagua Chaouen kuwa mufano wake. Zeituni, tini, mbuzi, nafaka, maharagi: vitu vya kijiji tu. Siku ya kwanza na siku ya ine kuna soko kubwa, na wanawake wa milimani wanashuka na jibini, mboga na mayai. Utawajua kwa kitambaa chenye mistari mwekundu na mweupe kiunoni na kofia kubwa ya majani yenye nyuzi za rangi. Ukinunua kwao, feza inapanda mulimani siku ile ile.

Katikati ya madina kuna kiwanja cha Outa el-Hammam. Kafe zake ni bei kupita zingine, lakini kasba, ndiyo ngome ya Ali Ben Rachid, inastahili saa moja: bustani, vyumba vya gereza ya zamani, musée ndogo, na munara wenye unaonyesha muji wote. Musikiti mukubwa wa pembeni uko na munara wa pande nane, kitu chenye hauone kila siku Moroko. Asiye Mwislamu anauangalia kutoka inje.

Ras el-Maa, maji yenye yanalisha muji

Jina maana yake ni kichwa cha maji. Pembeni ya mashariki ya madina, maji ya baridi yanatoka katika mulima na kushuka kati ya mawe. Wanawake wanafua pale nguo na mablangeti ya sufu, katika majengo ya kufulia yaliyojengwa kwa kazi hiyo, na zamani maji yale yale yalizungusha mashini ya kusaga unga. Wauzaji wanaweka machungwa ndani ya maji ili yapoe, kiisha wanakukamulia juisi. Ukae. Lakini si pahali pa kuogea kwa mugeni, na si pa kuelekeza kamera kwa wanawake wenye mikono ndani ya sabuni.

Kutoka pale njia inapanda kwenye musikiti wenye Wahispania walijenga juu ya kilima katika miaka ya 1920. Ni mwendo wa nusu saa hivi. Magaribi, jua ikishuka, muji unageuka polepole kutoka buluu kuwa kijivu, na sauti za waazini zinapanda kutoka misikiti yote kwa pamoja. Watu wengi wanafika saa hiyo. Ukitaka kuwa peke yako, panda jua ikitoka.

Katika madina bado kuna wafumaji wenye kutumika na mashini ya mbao ya mikono na miguu. Ingia, omba kuona. Blangeti ya sufu yenye ilifumwa mbele ya macho yako na ile ya mashini ya kiwanda zinatundikwa ukuta mumoja, na bei yaweza kufanana, basi kuona mashini ya mbao kunasaidia. Kuomba bei ipunguzwe ni kawaida, sawa kwetu, lakini kwa adabu.

Akchour na mulima

Mwenye miguu atatumia siku nzima Akchour, kijiji kilicho karibu kilometa 30, ndani ya parke ya taifa ya Talassemtane iliyoanzishwa 2004. Teksi kubwa ya kushirikiana inaenda pale ikijaa. Njia ziko mbili. Moja inafuata muto mpaka kwenye maporomoko makubwa, karibu saa mbili kwenda na saa mbili kurudi. Nyingine, fupi, inakufikisha kwenye Daraja la Mungu, pahali maji yalitoboa jiwe na kuacha daraja lenye hakuna mutu alilijenga. Vaa viatu vyenye havitelezi. Mwezi wa nane watu ni wengi sana, na kisha miaka ya ukame maporomoko yanaweza kubaki uzi tu. Mwezi wa ine na wa tano njo wakati muzuri. Mvua kubwa ikianza, toka pembeni ya muto mara moja. Sisi tunajua maji ya milima.

Kuna tena safari ya siku mbili kwa miguu, Chaouen mpaka Akchour, unalala katika kijiji cha Azilane. Juu unapita kati ya miti ya sapin yenye haiote pengine popote ila katika Rif, na ukiwa na bahati unaona makaki, nyani wasio na mukia. Chukua kiongozi mwenye karti ya serikali. Katika safari hii feza ya mugeni inafika mbali kupita katika hoteli: analipwa kiongozi, mwenye punda, na mama mwenye alikupikia.

Mambo mawili ya kuangalia

Ya kwanza ni kif, ndiyo bangi. Milima ya Rif inailima tangu zamani. Sheria ya 2021 iliruhusu kuilima kwa dawa na viwanda katika majimbo ya Al Hoceima, Chefchaouen na Taounate, kwa ruhusa, na mwezi wa 8 wa 2024 mufalme alisamehe walimaji zaidi ya 4 800. Wengi wanasikia hiyo na kuzani iko huru. Hapana. Kuvuta na kuuza bado ni gereza. Kijana atakuja kukuambia katika sikio, « twende uone shamba ». Kataa kwa heshima, endelea na njia yako. Kama uko mwanafunzi wa bourse, kosa moja linaweza kumaliza masomo yako yote.

Ya pili inahusu ngozi yetu. Kaskazini ya Moroko ni njia ya wahamiaji wanaoelekea Ulaya, na polisi inapima watu weusi kupita wengine. Amnesty International iliandika katika 2018 namna watu wa Afrika weusi walikamatwa Tanger, Tétouan na Nador na kupelekwa kusini kwa basi. Kwa hiyo tembea na pasiporti au karti yako ya kukaa, ya kweli, si foto katika simu. Weka tiketi ya kurudi na jina la nyumba yenye unalala karibu na mukono.

Kufika na kulala

Basi za CTM zinatoka Tanger, Tétouan na Fès. Tétouan ni karibu zaidi, kilometa kama 65. Kutoka Fès ni safari ya zaidi ya saa ine yenye kona nyingi, mwenye kutapika akae mbele. Nunua tiketi ya kurudi siku ile unafika, zinaisha mbio. Siku ya tano muchana maduka mengi yanafungwa kwa sala na kuskusi. Kuanzia mwezi wa 12 mpaka wa 2 kunanyesha na baridi ni ya kweli, na nyumba nyingi za wageni hazina moto ndani: uliza kama kuna blangeti za kutosha mbele ya kulipa.