Mgeni na Jembe: Habari ya Wahamaji wa Masisi (1937–1955)



Siku moja nilikuwa Kituku, kando ya ziwa Kivu, pale maboti ya Idjwi na Minova yanaposhusha ndizi, mihogo na makala. Mama mmoja aliyeuza viazi aliniita, akaniambia: «Padri, babu yangu aliletwa Masisi na serikali ya Wabelgiji. Baba alizaliwa Masisi, na mimi nilizaliwa kule. Vita vimenifukuza, niko hapa. Uniambie, mgeni anakoma kuwa mgeni siku gani?» Sikuwa na jibu tayari. Nilirudi nyumbani, nikatafuta katika historia na katika sheria za Eklezya. Yale niliyoyapata ninayaandika hapa, kwa sababu kila mmoja wetu ataulizwa neno hilo hilo.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo watu wanapenda kuyachanganya. Mpaka wa Kongo na Rwanda uliwekwa na Wazungu, Wabelgiji, Wadachi na Waingereza, katika mapatano ya Bruseli ya mwaka 1910. Watu wa Bwisha, upande wa Rutshuru, walisema Kinyarwanda mbele ya mapatano hayo. Wao hawakuhama, ni mpaka uliopita juu yao. Lakini wengi wa Masisi habari yao ni ingine. Wao walihama kweli, tena walihamishwa.

Kwa nini walihamishwa? Sababu zilikuwa mbili, nazo zilikutana. Kwa upande wa Rwanda watu walikuwa wengi, mashamba madogo, na njaa ilirudi mara kwa mara. Ile ya 1928–1929, iliyoitwa Rwakayihura, iliua watu wengi na kuwasukuma wengine kuvuka mipaka. Kwa upande wa Kivu, serikali ilikuwa imeanzisha mwaka 1928 ile Comité National du Kivu, iliyopewa mamlaka juu ya ardhi nyingi kusudi Wazungu wapate mashamba. Wazungu wakalima kahawa, chai na pareto, lakini mikono ya kazi haikutosha. Baada ya vita vya kwanza inchi zote mbili zilikuwa chini ya Wabelgiji. Kwa hiyo serikali iliona kwamba dawa moja itaponya magonjwa mawili: itoe watu Rwanda, iwapeleke Kivu.

Mwaka 1937 ikaunda kazi maalumu, Mission d'Immigration des Banyarwanda, ambayo wengi wanaiita MIB. Watu wa kwanza walipelekwa Gishari, katika milima ya Masisi. Inchi hiyo ilikatwa katika inchi ya Wahunde, ikafanywa utawala wa wahamaji wenyewe chini ya chefu Mnyarwanda. Mpaka mwaka 1945 walikuwa wamefika watu 25,000 hivi. Kisha wengine wakaelekezwa Washali, Mokoto na Bwito. Kazi ya MIB ilipofungwa mwaka 1955, hesabu yote ilikuwa karibu watu 85,000. Na hapo hatuwahesabu wale waliovuka wenyewe kutafuta kazi, wala wale waliokimbia fujo ya Rwanda toka mwaka 1959.

Tufikiri kidogo ginsi ilivyokuwa kwa mtu mmoja. Anafika na mke na watoto katika mlima wenye baridi na pori kubwa. Hana jirani anayejua jina la baba yake. Anakata miti, anajenga nyumba ya majani, anapanda maharagwe na viazi, anangoja mavuno ya kwanza. Wengine wanafanya kazi kwa Mzungu mwenye kahawa, kusudi wapate franga za kodi na nguo. Polepole anapata mbuzi, halafu ng'ombe. Mtoto anaingia masomo ya misioni. Hivi ndivyo kazi na nyumba zinavyojengwa ugenini, nao walizijenga kwa jasho. Mtu wa haki hawezi kuwanyima sifa hiyo.

Eklezya ilikuwa na sehemu yake. Miaka ile ya 1930 Wanyarwanda wengi sana walikuwa wakiingia dini, na wahamaji wengi walikuja na rozari shingoni. Lakini mhamaji akitaka kuoa, padri alipashwa kujua kwanza kama yu huru, kama hakuacha mke ng'ambo. Basi ilitafutwa shahada ya ubatizo katika parokia aliyotoka, na baada ya ndoa habari ilirudishwa kule kusudi iandikwe katika kitabu cha ubatizo. Tusiidharau kazi hiyo ya karatasi. Mtu aliyepotea machoni pa jamaa yake alikuwa bado ameandikwa mahali, kwa jina lake, kama mwana wa Eklezya.

Sasa tuje kwa upande wa mwenyeji, kwa maana historia yenye sikio moja haifai. Methali yetu inasema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ni methali nzuri. Mgeni wa Masisi alipewa jembe, akalima vizuri. Lakini methali haisemi shamba ni la nani. Kwa Wahunde ardhi ilikuwa ya wazee waliokufa, ya walio hai na ya watakaozaliwa. Mwami aliitunza tu, na aliyetaka kulima alimletea heshima yake kwanza. Aliyewakaribisha wahamaji wa MIB ni serikali, na serikali ilikaribisha watu katika nyumba isiyo yake. Mgeni alijifunza kumshukuru Mzungu, wala hakujifunza kumshukuru mwenyeji. Mwenyeji naye alimwona mgeni kama mtu wa Mzungu. Mwaka 1957 serikali ikaufuta utawala wa Gishari, lakini jeraha lilibaki. Baada ya uhuru tu, toka 1963 mpaka 1965, vikatokea vile vita vya Masisi vilivyoitwa vita vya Kanyarwanda.

Sheria za serikali hazikuponya. Sheria ya 5 Januari 1972 iliwapa uraia watu wa Rwanda na Burundi waliokaa Kivu mbele ya 1 Januari 1950. Sheria ya 29 Juni 1981 ikauondoa uraia huo. Mtu alilala raia, akaamka mgeni, naye hakuhama hata hatua moja! Ile ya mwaka 2004 ilitengeneza mambo tena. Katikati ya hayo, sheria ya ardhi ya 1973 ilisema kwamba ardhi yote ni ya serikali. Mwaka ule ule mashamba ya Wazungu yalianza kupewa wananchi, na matajiri wenye kujua njia za ofisi wakachukua malisho makubwa. Maskini wa kila kabila, Mhunde na Mnyarwanda, wakabaki pembezoni, kisha wakafundishwa kuchukiana wao kwa wao.

Mwisho wake tunaujua. Mwezi wa tatu 1993 soko la Ntoto, katika Walikale, lilishambuliwa, na vita vikaenea Masisi. Mwezi wa tano 1996 wakimbizi waliojificha katika monasteri ya Watrapisti ya Mokoto waliuawa mle mle. Wamonaki walioanzisha monasteri ile mwaka 1954 walipashwa kukimbia. Baadaye walikaa Keshero, si mbali na Kituku. Wenye kukaribisha wageni wakawa wageni. Na mwezi wa kumi mwaka ule ule Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa wa Bukavu, aliyewatetea wenyeji na wakimbizi pamoja, akauawa mjini mwake.

Basi, mgeni anakoma siku gani? Sheria ya Eklezya ya mwaka 1917 ilijibu wazi katika kanoni ya 92: mtu anapata makao katika parokia akikaa kwa nia ya kudumu, ao akitimiza miaka kumi. Kanoni ya 102 ya mwaka 1983 imepunguza miaka, sasa ni mitano. Eklezya haiulizi kabila. Inauliza unakaa wapi, na moyo wako una nia gani. Najua, kanoni hii haigawi mashamba wala haitoi uraia, na padri asijifanye hakimu wa ardhi. Lakini inatuonyesha njia ya kufikiri. Papa Pio XII naye, katika Exsul Familia ya 1 Agosti 1952, aliwaweka wahamaji wote karibu na Jamaa Takatifu iliyokimbilia Misri. Yosefu alifanya kazi kule bila shaka, na Maria akapika. Ila tukumbuke vilevile kwamba Yosefu hakuwanyang'anya Wamisri mashamba yao.

Kwa hiyo mapashwa yetu ni mawili. Kwa mgeni tuseme: heshimu wazee wa inchi iliyokupokea, jifunze lugha yao, usiseme kwamba serikali ilikupa na mambo yamekwisha. Kwa mwenyeji tuseme: mtoto aliyezaliwa katika mlima wako, aliyebatizwa katika maji yako, si mgeni tena, na malalamiko yako juu ya ardhi, hata yakiwa ya haki, hayakupi ruhusa ya kumfukuza. Katekista anayesema neno la kwanza peke yake, ao la pili peke yake, anaongeza moto.

Nilirudi Kituku, nikamwambia mama yule: «Kwa Eklezya, Mama, babu yako alikoma kuwa mgeni zamani sana.» Akacheka kidogo, akasema: «Asante, Padri. Sasa uende uwaambie na wengine.» Ndiyo sababu nimeandika.