Juzuu ya Kwanza, na Ile Isiyofuata

Juzuu ni neno la sehemu. Msahafu una juzuu 30, na kila mtoto aliyepita chuoni anajua kuwa kumaliza Juzuu Amma si kuhitimu. Wachapaji walipotafuta jina la kitabu kinachosimama rafuni pamoja na ndugu zake, walilichukua neno hilo, nalo likaja na sharti lake: ukishasema juzuu, umekiri kwamba zipo nyingine.

Mwaka 1941 sharti hilo lilivunjwa. Serikali ya Uingereza ilitoa historia rasmi ya mapigano ya Afrika Mashariki katika Vita vya Kwanza vya Dunia, kazi ya Luteni Kanali Charles Hordern aliyejenga juu ya rasimu ya Meja Stacke. Kitabu kinajitaja kuwa juzuu ya kwanza, Agosti 1914 hadi Septemba 1916. Ya pili haijatoka mpaka leo.

Kwa Waingereza, Septemba 1916 palikuwa mahali pazuri pa kumwacha msomaji. Dar es Salaam ilikuwa imeshatekwa, Reli ya Kati imo mikononi mwao, na Tabora imechukuliwa na Wabelgiji waliotokea Kongo. Ukifunga kitabu hapo utadhani vita vimekwisha. Lakini Mahiwa, moja ya mapigano makali kuliko yote ya vita hivyo huku kwetu, yalikuwa Oktoba 1917. Von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alivuka Ruvuma kuingia Msumbiji tarehe 25 Novemba 1917, akasalimu amri Abercorn, siku hizi Mbala ya Zambia, tarehe hiyohiyo mwaka 1918. Na ule uandikishaji mkubwa wa wapagazi nchini Kenya, uliosimamiwa na John Ainsworth na kukomba vijana kijiji hadi kijiji, ni wa 1917. Kwa hesabu za Waingereza wenyewe, wapagazi waliokufa walizidi 40,000, na waliouawa na maradhi ni wengi kuliko waliouawa na risasi. Sehemu kubwa ya msiba huo imeangukia ndani ya juzuu isiyokuwapo.

Si kwamba haikuandikwa. Sura zake za rasimu zimo katika hifadhi ya nyaraka za taifa ya Uingereza, Kew. Hapa Kiswahili kina kichekesho chake: rasmi na rasimu ni watoto wa mzizi mmoja wa Kiarabu, wenye maana ya kuchora. Rasimu ni mchoro wa awali, rasmi ni kile ambacho mwenye mamlaka amekwisha kukipiga muhuri. Juzuu ya kwanza ilitoka kwenye rasimu ikawa rasmi. Ya pili ilibaki njiani na silabi yake ya ziada.

Pengo la namna hii ndilo linalomsukuma mkusanyaji kwenye rafu za mataifa mengine, na faida ya kukusanya huanzia hapo hasa. Wabelgiji walitoa juzuu tatu kwa Kifaransa kati ya 1927 na 1932 juu ya kampeni zao za makoloni. Ya pili ni ya mwendo wa kwenda Tabora. Ya tatu ni ya Mahenge, 1917, yaani inachukua usemi pale Hordern anaponyamaza. Inasimuliwa kwa macho ya maofisa wa Force Publique, jeshi la Kongo ya Wabelgiji, watu waliokuwa na sababu zao za kutaka ushindi wa Tabora usisahaulike. Ndiyo vizuri. Historia rasmi moja hukueleza nchi fulani ilitaka ikumbukwe vipi. Ukiziweka mbili ubavu kwa ubavu, kila moja huanza kutoa siri za mwenzake.

Wajerumani walianza kutoa yao 1925 ikafika juzuu 14. Mbili za mwisho zilichapwa katikati ya vita vya pili, na wasomaji wa kawaida walizipata 1956. Baina ya hapo, Aprili 1945, ndege za Waingereza zilipiga Potsdam, hifadhi ya nyaraka za jeshi ikateketea. Vitabu vilivyoandikwa kama muhtasari wa nyaraka vikageuka, kwa mambo mengi, kuwa ndivyo vilivyosalia vya nyaraka zenyewe. Anayesema juzuu hizi zimepitwa na wakati anaweza kuwa na haki kuhusu hukumu zilizomo. Kuhusu taarifa zilizomo, hana.

Kuna istilahi nyingine ambayo watu huipuuza: masahihisho. Historia ya Uingereza ya mapigano ya Ufaransa na Ubelgiji, iliyoongozwa na James Edmonds na kutolewa kati ya 1922 na 1948, nayo ina juzuu 14, na mwandishi wake aliendelea kupokea barua za maofisa waliokuwapo vitani. Kwa hiyo juzuu za baadaye huja na orodha za kurekebisha zilizotangulia: ukurasa huu, mstari huu, badala ya jina hili soma hili. Mara nyingine ni karatasi nyembamba iliyopachikwa tu, na muuzaji asiyejua huitupa akidhani ni alamisho la mwenye kitabu wa kwanza. Aliye na juzuu ya mapema peke yake ana kosa bila sahihisho. Aliye na ya baadaye peke yake ana sahihisho lisilo na kosa, jambo la ajabu zaidi. Ramani nazo zilitolewa katika makasha ya peke yake, na ndizo zinazopotea mwanzo. Ukipata kasha, fungua kila ramani kabla ya kulipa, maana karatasi hukatika kwenye mikunjo, na penye mkunjo mara nyingi ndipo penye mji unaoutafuta.

Kuhusu jina la vita vyenyewe, migongo ya vitabu hivi ni shahidi mzuri. Gazeti la The Times lilianza kutoa historia yake Agosti 1914 katika matoleo ya kila wiki, yakajalidiwa hata yakafika juzuu 22, ya mwisho ikiwa faharasa. Waandishi wake wa mwanzo hawakujua nani angeshinda, wala hawakuwa na haja ya neno "kwanza". Vilikuwa vita, au Vita Kuu. Kuhesabu kulikuja baadaye, ingawa mwandishi Repington aliliweka neno "kwanza" kwenye jina la kitabu chake tangu 1920, jambo ambalo kwa wengi lilikuwa kisirani. Na si jina la vita tu lililobadilika: nasi tulikuwa na neno tarehe kwa maana ya historia nzima ya mji au ukoo. Maana hiyo imetuponyoka, tumebaki na siku ya mwezi.

Nimetaja kujalidi. Jalada na mjeledi ni ndugu, wote wametoka kwenye neno la Kiarabu la ngozi: moja hufunika kurasa, mwingine hupiga migongo. Sipendi kulifanya hili kuwa kubwa kuliko lilivyo, ila nikiwa na historia ya vita vya huku mkononi siwezi kulisahau, kwa sababu adhabu ya viboko iitwayo hamsa ishirini ilijulikana na kila mpagazi na kila askari wa Mjerumani. Wapagazi hao hawakuandika juzuu. Walichoacha ni jina la mahali: Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi ni lile jina la kikosi chao, Carrier Corps, lilivyotamkwa na waliolisikia kila siku. Vita vya pili vilipata bahati zaidi kwa upande wetu, kwani Shaaban Robert alivitungia utenzi mrefu ajabu, Utenzi wa Vita vya Uhuru, uliochapishwa 1967.

Neno la kazi yenyewe ningependa liwe kulimbika badala ya kukusanya. Watu wa visima hulimbika maji: huyaacha yajikusanye polepole kabla ya kuteka. Anayenunua seti nzima kwa mkupuo hupata mapambo ya ukuta. Anayelimbika hununua juzuu moja, huisoma, hukuta inamtaja mtu au mto asioujua, kisha hujua ni ipi ya kutafuta baadaye. Juzuu za mojamoja pia huuzwa rahisi kuliko seti kamili, maana wauzaji wengi huziona mabaki. Kwa msomaji wa huku ningeshauri Hordern kwanza, ambaye amekwisha kuchapwa upya, halafu juzuu ya tatu ya Wabelgiji hata kama Kifaransa chako ni cha kubahatisha, na kitabu cha Ludwig Boell kilichotoka Hamburg 1951 kwa anayesoma Kijerumani. Makasha ya ramani za Ufaransa yangoje zamu yake.