Kurudi shambani baada ya kuumia mgongo au shingo

Huku Njombe na Makambako mvua za kupandia huanza kati ya Novemba na Desemba, na hakuna awezaye kuiambia mvua isubiri. Ndiyo maana walioumia mgongo au shingo, kwa kuanguka na bodaboda, kuteleza mtini au kubeba gunia, mara nyingi hushika jembe kabla mwili haujawa tayari. Wengine huogopa, wakalala miezi mpaka misuli ikalegea. Yote mawili huchelewesha kupona. Hapa tunaeleza njia iliyo katikati.

Kabla ya kushika jembe

Wengi walioumia misuli ya kiuno tu hupata nafuu ndani ya wiki 6, na kutembea kidogo kila siku huwasaidia kuliko kulala. Mfupa uliovunjika ni jambo jingine. Huo huhitaji wiki 12 au zaidi, na wa kukuruhusu kurudi kazini ni daktari aliyekupima.

Usianze kazi, nenda hospitali siku hiyohiyo, ukiona moja ya haya:
- mguu au mkono unapoteza nguvu, au ganzi inaongezeka;
- ganzi imeingia sehemu za siri na kuzunguka makalio;
- mkojo umeziba, au mkojo na haja kubwa vinatoka bila wewe kujua;
- maumivu makali yameanza baada ya kuanguka au ajali.

Maumivu ya mgongo ya wiki nyingi, yanayoambatana na homa, jasho la usiku na kupungua uzito, nayo yasipuuzwe. Kifua kikuu huweza kushika pingili za mgongo, na kina dawa.

Usikubali kunyooshwa au kuvutwa shingo na mtu yeyote kabla hujapimwa. Kama kuna mfupa uliovunjika, mvuto mmoja unaweza kuumiza uti wa mgongo na kuleta ulemavu wa kudumu.

Uzito wa kazi zetu

Ndoo ya maji ya lita 20 ina kilo 20. Bomba la kunyunyizia dawa la lita 16, likijaa, linakaribia uzito huohuo, nalo linaning'inia mgongoni kwenye mteremko. Gunia la viazi kisheria halipaswi kuzidi kilo 100, lakini lumbesa hupita hapo. Hata mtu mzima wa afya asilinyanyue peke yake, sembuse anayeuguza mgongo.

Mzigo ukiwa mbali na kifua, mgongo hubeba zaidi ya uzito wake. Ukiinama huku magoti yamenyooka, kisha ukajipinda kando kutupa mzigo, ndipo pingili na misuli huumia. Kwa hiyo piga magoti au chuchumaa, vuta mzigo karibu na tumbo, nyanyuka kwa nguvu ya miguu, na ukitaka kugeuka geuza miguu, usipinde kiuno.

Aliyeumia shingo asibebe kitu kichwani mpaka aruhusiwe. Ngata haipunguzi uzito unaoshuka shingoni. Maji yachotwe kwa madumu mawili ya lita 5, moja kila mkono, au yaletwe kwa toroli au baiskeli.

Kazi za kuanzia

Usianzie kwenye shamba la mahindi. Anza na bustani ndogo karibu na nyumba. Mboga kama chainizi, figiri na mchicha huota vizuri ndani ya gunia au kiroba kilichojazwa udongo na samadi. Kikiwekwa juu ya kichanja kinachofika kiunoni, utapanda, kupalilia na kuchuma ukiwa umesimama wima. Udongo ujazwe na mwingine.

Kuchambua mbegu za viazi ni kazi nzuri ya mwanzo, mradi ukae kwenye kiti chenye egemeo na viazi viwe mezani, si chini. Inuka utembee kila baada ya dakika 20 hivi.

Kwa palizi, kunja gunia kuukuu uliweke chini ya goti, na mkono mmoja uegemee chini wakati mwingine unapalilia. Jembe liwe jepesi, lenye makali na mpini mrefu, ili usijikunje sana. Badili mkono na mguu wa mbele mara kwa mara.

Kulima matuta mapya, kuchimba vinyungu mabondeni, kupasua kuni, kupiga dawa kwa bomba la mgongoni na kupakia magari ni kazi za mwisho kabisa kurudiwa.

Kipimo cha kesho asubuhi

Siku ya kwanza fanya kazi dakika 10 hadi 15, kisha pumzika. Kesho yake jiulize: maumivu yakoje? Yakiwa yamerudi yalivyokuwa kabla ya kazi, uko sawa, na baada ya siku chache ongeza dakika 5. Yakiwa bado yamezidi, rudi kwenye kipimo cha chini. Yakianza kushuka mguuni au mkononi, acha kazi na urudi kwa mhudumu wa afya.

Asubuhi za Juni na Julai huku kwetu baridi ni kali na misuli hukakamaa. Ngoja jua lipande, tembea kwanza, vaa nguo nzito kiunoni.

Tusimeze dawa za maumivu ili tulime zaidi. Dawa huficha onyo la mwili, na diklofenaki ikitumiwa ovyo huumiza tumbo na figo. Pombe nayo huficha maumivu.

Ongeeni nyumbani

Mgongo hauonekani kama mguu uliofungwa plasta, na aliyeumia huhofia kuitwa mvivu. Kina mama hasa hurudi kwenye ndoo na kuni mapema kwa sababu hakuna aliyegawa kazi upya. Kaeni kama familia kabla ya msimu. Amueni nani atachota maji, nani atapiga dawa, na kama eka zipunguzwe mwaka huu. Kupunguza nusu eka msimu mmoja kuna hasara, lakini ni ndogo kuliko kukosa nguvu za kulima misimu yote ijayo.

Ukienda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa hapa Njombe, Ilembula au Ikonda, ulizia huduma ya fiziotherapia. Mweleze mtaalamu kazi unazofanya na uzito unaobeba, umwonyeshe unavyoshika jembe. Hapo atakupa mazoezi yanayolingana na shamba lako.