Akiba ya Matibabu katika Kodi ya Marekani: Historia ya Sheria na Maneno Yake

Makala haya yanakusudia kueleza kwa ufupi jinsi ilivyoanzishwa katika Marekani ile akiba ya fedha iliyotengwa kwa ajili ya matibabu, na jinsi mwenye akiba anavyotakiwa kuitolea hesabu katika ritani yake ya kodi kila anapotoa fedha humo. Yaweza kuonekana kuwa jambo hili ni la wahasibu, wala halimhusu mtaalamu wa lugha. Lakini wako wasemaji wa Kiswahili wanaoishi na kufanya kazi katika nchi ile, nao hujaziwa au hujijazia fomu hizo kila mwaka. Neno moja likifasiriwa vibaya, mtu aweza kutozwa kodi asiyodaiwa.

Asili ya habari hii ni mwaka 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mwaka huo sheria ya mapato iliwaruhusu walipa kodi, kwa mara ya kwanza, kupunguza katika mapato yao gharama za matibabu zilizozidi asilimia 5 ya mapato halisi. Sheria ilieleza kwamba matibabu ni yale yanayohusu kutambua ugonjwa, kuuponya, kuupunguza, kuutibu au kuuzuia, na yale yanayokusudiwa kugusa kiungo cha mwili au kazi yake. Kisha, katika Kanuni ya Mapato ya mwaka 1954, ilithibitishwa kwamba bima ya matibabu inayolipiwa na mwajiri haihesabiwi kuwa pato la mfanyakazi. Basi zikawa njia mbili zisizolingana: aliyelipiwa bima na mwajiri alisamehewa kodi yote juu ya malipo hayo, na aliyelipa kwa mfuko wake alisamehewa sehemu tu, tena baada ya kuvuka kiwango.

Tofauti hiyo ndiyo iliyowapa hoja waliotaka akiba ya matibabu. Mfano ulikuwapo tayari ng'ambo, kwani Singapore ilianzisha akiba yake ya lazima, iitwayo Medisave, mwaka 1984. Katika Marekani mtetezi aliyejulikana sana alikuwa John Goodman, mtaalamu wa uchumi, ambaye pamoja na Gerald Musgrave alitoa kitabu juu ya jambo hili mwaka 1992. Walidai kwamba mtu anayelipa kwa fedha zake mwenyewe huuliza bei. Wapinzani wao walijibu kwamba wenye afya na mali ndio watakaofaidika, na wagonjwa wataachwa katika bima za kawaida zinazozidi kupanda bei. Ubishi huo haujakwisha hata leo.

Kongresi ilikubali kwanza kwa kujaribu. Sheria iliyotiwa saini na Rais Clinton mwezi Agosti 1996 iliruhusu akiba hizo kuanzia mwaka 1997, kwa watu waliojiajiri na kwa waajiri wadogo tu, na idadi yake ikawekewa mpaka. Baadaye akiba hizo zilipewa jina la Archer, mbunge aliyeongoza kamati ya mapato.  Tarehe 8 Desemba 2003, Rais Bush alitia saini sheria kubwa ya dawa za wazee, na ndani yake akiba mpya ikafunguliwa kwa kila mwenye bima ya namna maalumu, yaani bima ambayo mwenyewe hulipa kwanza sehemu kubwa ya gharama kabla kampuni haijaanza kulipa. Mwaka 2004 mtu mmoja aliruhusiwa kuweka hadi dola 2,600, na mwenye jamaa dola 5,150.

Hapa mtaalamu wa lugha hana budi kusimama kidogo. Akiba ya mwaka 1996 iliitwa kwa Kiingereza akiba ya matibabu. Ile ya mwaka 2003 ikaitwa akiba ya afya. Jina lilipanuka, lakini maana ya gharama zinazokubaliwa iliendelea kutegemea maelezo yale yale ya matibabu. Vitamini anazokula mtu ili awe na nguvu tu si gharama inayokubaliwa; wala si gharama za mazishi. Kwa hiyo anayetafsiri jina hilo kuwa "akiba ya afya" amefuata neno, na anayesema "akiba ya matibabu" amefuata sheria.

Sasa tutazame hesabu yenyewe. Mwisho wa mwaka benki hupeleka Fomu 1099-SA kwa mwenye akiba na kwa Idara ya Mapato, ikionyesha jumla ya fedha zilizotoka. Benki hailazimiki kuuliza fedha hizo zilitumiwa kwa nini. Ni mwenye akiba mwenyewe anayeeleza, katika sehemu ya pili ya Fomu 8889, inayoambatanishwa na ritani yake. Huandika jumla iliyotoka, kisha gharama za matibabu zilizolipwa kwa fedha hizo, na tofauti yake ndiyo inayotozwa kodi. Stakabadhi hazipelekwi, bali huwekwa nyumbani zikingojea siku ya kuulizwa. Aliyetoa dola 1,200, na kutumia 900 kwa matibabu, huongeza dola 300 katika mapato yake, na juu ya kodi ya kawaida hulipa nyongeza ya asilimia 20, yaani dola 60. Nyongeza hiyo haimpati aliyetimiza miaka 65, wala aliyelemaa, wala haitozwi kwa fedha zinazotolewa baada ya mwenyewe kufariki. Hata asiyedaiwa kitu hana budi kujaza fomu hiyo ikiwa fedha zilitoka.

Nyongeza yenyewe ina historia. Mwaka 1996 ilikuwa asilimia 15. Mwaka 2003, kwa akiba mpya, ilikuwa 10. Na sheria ya mwaka 2010 ikaifanya 20 kuanzia mwaka 2011. Neno letu "ushuru" asili yake ni Kiarabu, katika mzizi wa kumi, yaani sehemu ya kumi. Kwa miaka ile ya kwanza, basi, nyongeza hiyo ilikuwa ushuru kwa maana yake ya asili kabisa.

Tatizo kubwa la mfasiri limo katika neno ambalo sheria hulitumia kwa fedha zinazotoka. Kwa Kiingereza lina maana ya mgawanyo. Akiambiwa "andika migawanyo yako", msemaji wa Kiswahili atafikiri juu ya urithi au faida ya kampuni, naye ataacha nafasi wazi kwa kuwa hakugawiwa kitu. Idara, yenye nakala ya benki mkononi, yaweza kuihesabu jumla yote kuwa pato, pamoja na nyongeza. "Kuchota" lingefaa kwa sura yake, lakini siku hizi magazeti yamelitia harufu ya wizi wa mali ya umma. "Kutoa" peke yake lina utata, kwa sababu mtu hutoa kodi na hutoa sadaka pia. Kadhalika "gharama stahili" humfanya msomaji aulize yeye anastahili nini.

Kwa hiyo napendekeza "fedha zilizotolewa katika akiba" na "gharama zinazokubaliwa na sheria". Ni maneno marefu, lakini hayamfichi msomaji kitu. Tangu mwaka 2026 sheria iliyopitishwa mwaka 2025 imewafungulia akiba hizi watu wengi zaidi wanaojinunulia bima wenyewe. Yapasa basi watungaji wa kamusi na wafasiri wakubaliane juu ya istilahi hizi mapema, kabla kila mfasiri hajajitungia za kwake.